Kona ya Nakiete

Paukwa!

Pakawa!

Bondeni kuna nini?

Kuna mawe.

Na chini ya mawe?

Kuna mwenye kulala.

Basi sogeeni. Na wewe Chedi, acha kumfinya mwenzako, maana leo sisimulii jambo la kuchekesha.

Zamani Mto Sholo ulipita katikati ya bonde letu, umenyooka tangu mlimani hadi kwenye matete. Haukuwa na kona hata moja. Kando yake palikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima kile alilala zimwi. Wazee wa kwanza walimvizia ameshiba, wakamfukia usingizini.

Zimwi yule haamshwi na kelele. Huamshwa na baridi. Kwa hiyo ikawa ada: kila apitaye huokota jiwe mtoni, huliweka kilimani, husema, "Lala." Vizazi na vizazi vikamfunika hivyo.

Alikuwapo fundi mmoja wa kujenga, jina lake Lukindo, aliyefiwa na mke. Alibaki na binti mmoja, Nakiete, akampenda kupita kiasi. Nyumba yao ya udongo ilivuja, na kila masika Nakiete alikohoa mpaka watu wakamkatia tamaa.

Siku moja Lukindo akasema, "Mwaka huu mwanangu atalala ndani ya mawe."

Mtoni mawe yalikuwepo, lakini kuyabeba ni kazi, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Kilima kilikuwa nyuma ya nyumba yake. Basi akachukua ya kilimani, upande usioonekana na watu.

Jirani yake Kalage akamwona. "Ndugu yangu, hayo si mawe ya mtu mmoja."

"Kilima ni kikubwa, Kalage."

Kalage akanyamaza. Naye alikuwa anataka mawe ya zizi la mbuzi wake, akayachukua.

Msingi ulipokwisha, sauti ikatoka kilimani: "Nani kachukua shuka langu? Baridi yaniuma."

Lukindo akasema, "Ni upepo."

Kuta zilipofika kifuani, sauti ikatoka tena: "Nani kachukua shuka langu? Baridi yaniuma."

Lukindo akasema, "Ni upepo."

Paa lilipoezekwa, sauti ikatoka: "Nani kachukua shuka langu? Baridi yaniuma."

Lukindo akasema, "Ni upepo."

Basi asubuhi moja, Lukindo yuko shambani, zimwi akainuka. Akafuata harufu ya mawe yake. Akafika zizini kwa Kalage, akamla Kalage na mbuzi wake wote. Kisha akaingia nyumba ya Lukindo, akajikunja, akaijaza yote. Na Nakiete alikuwa ndani.

Lukindo akaja mbio, akachungulia dirishani. "Nakiete!"

"Nipo, baba. Ameniegemea, siwezi kutoka."

Zimwi akanung'unika akisinzia, "Bado baridi."

Watu wakakusanyika na majembe, wala hakuna aliyethubutu kusogea.

Nakiete akasema polepole, "Baba, bomoa nyumba."

"Siwezi, mama."

"Baba, bomoa nyumba."

"Siwezi, mama. Siwezi."

"Baba, bomoa nyumba. Akitoka hatabaki mtu."

Lukindo akaweka mikono ukutani. Alikuwa akilia. Ndipo Nakiete akashikwa na kikohozi chake kilekile, akakizuia, kikamshinda. Zimwi akafumbua jicho.

Lukindo alijua jiwe gani linashika kuta zote, kwa kuwa alilipanga mwenyewe. Akalichomoa. Nyumba ikaanguka yote.

Lukindo akaweka jiwe juu ya kifusi, akasema, "Lala." Watu hawakujua alikuwa akimwambia nani kati ya wale wawili.

Bonde zima likabeba mawe siku ile, kutoka mtoni na kutoka kilimani, mpaka lundo likafika majini. Mto ukakosa njia, ukapinda. Hiyo ndiyo kona mnayoogelea ninyi, na ndiyo maana apitaye pale huweka mawe mawili. La kwanza hutupwa tu. La pili huwekwa taratibu, kwa mikono miwili.

Hadithi yangu imeishia hapo, mto unapopinda. Kilichowekwa na wote usikichukue kwa ajili ya nyumba yako, hata kama ni kwa mapenzi. Na ukimwona mwenzako akichukua, usinyamaze.