Mtungi Usiojua Kusema Sijui

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Mtungi.
Mtungi wa maji?
Wa maneno.
Basi sogeeni, na anayesinzia asinzie kwa adabu, asikorome.

Hapo kale, wakati Kiboko bado ana shingo ndefu ya maringo, paliokotwa mtungi kando ya bwawa. Mtungi ule haukuwa na macho, wala haukuwahi kutembea popote. Ulikuwa na mdomo tu. Ukiutilia maneno, unayameza, kumbwi, kumbwi. Ukiuuliza jambo, unayakoroga yale uliyotiliwa, gulu gulu gulu, halafu unakujibu kwa sauti nzito kama ya kadhi. Wanyama wakaupenda kupita kiasi. Ngiri aliuliza avae nini siku ya harusi yake, akaambiwa avae matope. Akavaa, na mke akampata.

Kiboko, mlafi wa kila kitu, akaukumbatia mtungi na kuushindilia neno lile lile kutwa nzima: "Bwawa ni la Kiboko. Bwawa ni la Kiboko." Kisha akaita mkutano.

"Mtungi, bwawa ni la nani?"

Gulu gulu gulu. "La Kiboko."

"Mmesikia wenyewe. Si mimi niliyesema."

Tangu enzi za mababu, wanyama wa pale walikuwa wakipiga hodi majini na kunywa kwa zamu. Siku hiyo wakaondoka na kiu yao, maana mtungi umesema. Na kiangazi chenyewe kilikuwa cha kupasua mawe.

Bi Pimbi, mkazi wa mwambani, alikuwa na watoto wanne, na kitinda mimba wake alikuwa ameanza kulamba jiwe. Jambo hilo lilimchoma moyo. Lakini machozi hayanyweki, kwa hiyo akashuka bwawani, akajificha kwenye manyasi, akangoja.

Kiboko akizama, chubwi, huziba masikio. Alipozama tu, Bi Pimbi akauinamia mtungi.

"Mtungi, mimi nina watoto wangapi?"

Gulu gulu gulu. "Saba. Mmoja wao ni bata."

Bi Pimbi akakaa kitako. Bata? Mtungi haukuwahi kuambiwa habari za watoto wake. Ulishindwa kusema sijui, ukachanganya ya watu wengine na kumletea. Kumbe haujui kitu, akawaza. Unajua kusema tu.

Akauliza tena. "Na Kiboko anaogopa nini?"

"Kupungua. Kila asubuhi huniuliza kama amepungua, na ameniomba nisimwambie mtu."

Bi Pimbi alicheka mpaka akashika mbavu. Mtu mzima na kimo chake, siri kaiweka kwenye chombo kisicho na kifuniko.

Akaenda kuwaita wenzake. Chubwi, Kiboko amezama. Akaja Bi Pimbi: "Kiboko amepungua, dawa yake mwamba." Kumbwi. Chubwi, Kiboko amezama. Akaja Ngiri: "Kiboko amepungua, dawa yake mwamba, asimame kwa mguu mmoja." Kumbwi. Chubwi, Kiboko amezama. Akaja Kanga, ambaye tangu azaliwe hajasema neno mara moja akanyamaza. Huyo akaongeza, "Aachame mpaka jua litue," akalirudia mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi Kiboko akanong'ona, "Mtungi wangu, nimepungua?"

Gulu gulu gulu. "Umepungua. Dawa yake mwamba. Panda, simama kwa mguu mmoja, achama mpaka jua litue."

Angeweza kujitazama majini. Alikuwa yumo humo humo majini! Lakini mtungi umesema. Akatoka akihema, akapanda, kru, kru, kru. Njiani akakutana na Bi Pimbi.

"Mjomba, jua lote hili unakwenda wapi? Mbona hujapungua hata kidogo?"

"Wewe Pimbi, kisicho na mkia, una elimu gani? Mtungi umesema."

"Haya, mjomba. Mimi nimekwambia."

Kiboko akasimama kwa mguu mmoja, akaachama. Huku chini wanyama wakanywa, na kila aliyekunywa akauambia mtungi, "Bwawa ni la mwenye kiu." Kumbwi, kumbwi, kumbwi. Jua lilipotua, Kiboko, ngozi imebanduka, akateleza. Biringi, biringi, biringi, tii! Shingo ikaingia kifuani, na haijatoka hadi leo.

Akawakuta bwawani. "Mtungi, waambie hawa bwawa ni la nani."

Gulu gulu gulu. "La mwenye kiu."

Kiboko akautazama mtungi, akalitazama bwawa. Kisha akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

"Hodi majini."

"Karibu, mjomba," akajibu kitinda mimba wa Bi Pimbi, midevu inachuruzika maji. "Lakini ukae nyuma ya Kanga."

Bi Pimbi akauchukua mtungi kwake. Mpaka leo anauuliza mambo, kisha anatoka nje kuhakikisha kwa macho yake. Na kila jioni anawahesabu watoto. Juzi alihesabu mara mbili. Palikuwa na bata.

Funzo, wanangu: kichwa ni cha kubebea masikio, kufikiri uachieni mtungi, na siri zenu uambieni huo huo. Si mimi niliyesema. Hadithi yangu naifunika hapa, na anayetaka kuifunua aje na kiu yake.