Nani Apande Gari na Fundi Kilua

Wajueni kwanza waliokuwapo asubuhi ile katika karakana ya shamba la mkonge la Kwemhosi. Alikuwapo Alfani Singano, ambaye sikio lake hutambua maradhi ya injini kabla haijazimika. Alikuwapo Petro Mntangi, mwenye nguvu za maksai wawili. Alikuwapo Hemedi Shemdoe, aliyefunzwa kufunga majeraha na hachoki kuwakumbusha watu hilo. Alikuwapo msimamizi, Bwana Theofilo Mbelwa. Na alikuwapo Yohana Kilua, fundi wa katapila, aliyewadharau wote wanne.

Desturi ya karakana ile ilikuwa moja. Jembe la katapila likiinuliwa, huwekewa gogo la mvule chini yake, ndipo fundi aingie uvunguni. Mafuta yanayoliinua yakivuja, jembe huangukia gogo, si mtu. Lakini gogo lenyewe lilikuwa pana na laini, na Singano, Mntangi na Shemdoe walikuwa wamelikalia wakinywa kahawa.

"Nipisheni gogo," Kilua alisema.

"Tumalizie kikombe, fundi," Mntangi akajibu. "Mvule haukimbii."

"Basi liatamieni. Vifaranga wakitoka, mniite."

Bwana Mbelwa aliona yote. Akasema kazi iishe kabla ya adhuhuri, akaingia ofisini. Kilua, aliyeona ni fedheha kuwasubiri wavivu, akajilaza chini ya jembe bila gogo.

Mpira wa mafuta ukapasuka.

Singano aliusikia ukianza kufoka, akaruka, akamvuta Kilua mabegani. Asingemvuta, jembe lingemshukia kifuani; badala yake lilimshukia pajani.

Mntangi alishika mtaimbo na jeki, akaliinua jembe. Asingeliinua, Kilua angebaki amebanwa pale pale.

Shemdoe alivua mkanda wake, akalikaza paja. Asingelikaza, damu ingeishia sakafuni.

Wakamlaza juu ya magunia, nyuma ya landrova, apelekwe hospitali. Bwana Mbelwa akatoka ofisini, akashika usukani, akawasha moto, kisha akageuka.

"Nyuma pana nafasi ya mtu mmoja tu. Aliyemwokoa ndiye apande, na ndiye nitakayempendekeza kwa meneja awe nyapara."

"Ni mimi," alisema Singano. "Bila sikio langu mngekuwa mnachimba kaburi."

"Sikio ndilo lililoinua jembe?" Mntangi akauliza.

"Nawe ungeinua maiti," alisema Shemdoe, ameshikilia suruali. "Mkanda ule ni wangu, kila mtu anauona."

Kilua aliuona pia. Ulikuwa umeanza kulegea. Shemdoe aliutaja mara kwa mara, ila hakuutazama. Kilua akawaza kwamba watu hawa hawakushindana hivi kuinuka kwenye gogo.

"Pandeni wote mnikalie," alisema kwa sauti ndogo. "Kukaa mnajua."

"Subira, fundi," alisema Bwana Mbelwa, injini ikinguruma. "Lazima haki itendeke."

Wakaanza upya, kila mmoja na hoja yake, na kwa kweli hakuna aliyesema uongo.

Basi ninyi mliosikia: apande mwenye sikio, mwenye nguvu, au mwenye mkanda? Je, ninyi mngeamua vipi? Fikirini bila haraka, kama wao. Yohana Kilua alifariki gari likiwa bado mlangoni pa karakana.