Moto wa Jikoni kwa Senkondo

Kale!

Itikieni: Ya waliokuwapo!

Kale!

Ya waliokuwapo!

Naam. Sogeeni basi. Kila mmoja achukue konzi ya maharage apukuchue, mikono iwe kazini na masikio yawe kwangu. Kisa cha leo si cha sungura wala cha fisi, na hamtacheka. Ni kisa cha watu, na watu hao walikuwapo kabla bibi yangu mimi hajaota meno, huko milimani, katika kijiji kilichoitwa Kwa Mshiza.

Nyumba za Kwa Mshiza zilikuwa za msonge, zimeezekwa nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, kama kuku anayeatamia. Nyumba na nyumba, paa na paa. Mvua ikinyesha, mtu alitoka kwake akafika kwa jirani bila kulowa, na watu wa kule walijisifu kwa hilo. "Sisi tunaishi kwa kushikana," walisema.

Lakini wakongwe wao walikuwa wameacha neno, kwamba kati ya paa na paa apite ng'ombe na pembe zake. Neno likasahauliwa. Ardhi ya milimani ni ndogo, watoto wanazaliwa, vijana wanaoa. Mwaka huu akaziba huyu, mwaka ule akaziba yule. Ng'ombe hakupita tena. Mwishowe hata mbuzi alipita kwa ubavu.

Hapo ndipo alipoishi Senkondo, mkulima, mtu mwema, mtu wa maneno machache. Aliishi na mama yake, Nangasu, ambaye macho yake yalikuwa yameziba kwa uzee. Aliishi na wake zake wawili. Mkubwa alikuwa Nakiete. Huyo aliingia nyumba ile angali msichana mdogo, na Nangasu ndiye aliyemfunza kusuka kikapu na kutengeneza chungu, hata watu wakasema ni mama na bintiye. Mdogo alikuwa Mbonea, mchangamfu, mwenye ulimi mwepesi. Mbonea alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Kunda. Kunda alikuwa wa kimo chako wewe, Mkiwa. Hapo hapo ulipo, usisimame.

Nyumba ilikuwa moja na jiko lilikuwa moja, katikati. Juu ya jiko palikuwa na dari ya fito, na juu ya dari wamejaza kuni, mahindi, mabua na kila kitu kilichotakiwa kikauke. Na kilikauka, wanangu. Kilikauka mpaka kikawa kama karatasi.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ninyi mmezaliwa na viberiti. Siku zile moto haukuzimwa, moto ulifukiwa. Unakusanya makaa katikati ya mafiga, unayafunika majivu mengi, juu unaweka kigae kipana cha chungu kilichovunjika. Moto unalala. Jioni unafukua, unapuliza, unapika. Moto uliofukiwa vizuri ni mtumishi. Ukiuacha wazi ukaenda zako, umeacha mnyama ndani ya nyumba.

Bibi Nangasu alilijua hilo. Kila watu walipotoka, yeye kwenye ngozi yake pale ukutani aliuliza, "Moto mmeufukia?" Asubuhi aliuliza, mchana aliuliza, hata mtu akienda tu kuchuma mboga nyuma ya nyumba, aliuliza. Wakawa wanacheka. Baadaye wakawa hawacheki tena, wanachoka.

Na alikuwa na neno la pili.

"Mwanangu Senkondo," alisema, "nyumba ya mlango mmoja ni mtego. Toboa mlango wa nyuma."

"Baada ya mavuno, mama."

Mavuno yakaja, yakapita.

"Mwanangu, na ule mlango?"

"Baada ya mvua, mama."

Mvua nazo zikaja, zikapita. Mlango wa nyuma haukutobolewa. Badala yake Senkondo aliongeza gogo kwenye mlango wa mbele, kwa nje. Mbuzi walikuwa wakiingia kula maharage, na mama haoni, hawezi kuwafukuza. Kwa hiyo watu wakienda shamba, mlango unasukumiwa, gogo linapitishwa nje, mama anabaki ndani na mjukuu wake. Senkondo alifanya hivyo kwa mapenzi. Alitaka mama yake asisumbuliwe.

Ikafika kiangazi. Upepo wa mlimani ukaanza, ule mkavu unaochuna midomo. Mfereji wa kijiji, uliowaletea maji kutoka juu, ukawa umejaa tope na majani. Mzee Mrutu, mkuu wa kijiji, akapiga baragumu: kesho ni msaragambo, kila mwenye mikono aje tuzibue mfereji. Maji yakazibwa kule juu ili watu wafanye kazi. Mitungi ya majumbani ikakauka, na hakuna aliyejali. Maji si yatarudi jioni?

Asubuhi ya siku hiyo Mbonea alikuwa na zamu. Akawasha moto, akapika uji. Uji ulikuwa mtamu, kwa sababu alitia chumvi. Na chumvi ile, wanangu, ilikuwa ya Nakiete. Siku zile chumvi ilitoka mbali, mtu aliitunza kwenye kibuyu kama dawa.

"Nani ameshika kibuyu changu?" Nakiete aliuliza.

"Nimechukua kidogo tu, dada. Ni uji wetu sote."

"Kidogo! Hukuomba. Katika nyumba hii mtu haombi siku hizi?"

"Haya, nitapike uji, nikurudishie?"

Ulimi mwepesi huo. Nakiete alibandika chungu chake mafigani, akachemsha dawa ya miguu ya mama mkwe, akaepua, akamkanda. Mbonea alikuwa amekaa mlangoni, amempa mgongo. Moto ukabaki pale katikati, unawaka. Mbonea akasema moyoni, aliyeutumia mwisho ndiye atakayeufukia. Nakiete naye akasema moyoni, aliyeuwasha ndiye atakayeufukia. Kila mmoja akachukua jembe lake.

Baragumu likalia mara ya pili.

"Moto mmeufukia?" Bibi Nangasu akauliza.

Mbonea alimsubiri Nakiete ajibu. Nakiete alimsubiri Mbonea ajibu. Senkondo alikuwa nje, ameshika gogo mkononi, wenzake wanampigia mluzi njiani.

"Umefukiwa, mama!" akasema.

Akalipitisha gogo, wakaenda.

Jua lilipofika utosini, watu wa Kwa Mshiza walikuwa matopeni mpaka magotini, wanaimba, wanatupa tope huku na huku. Jirani wa Senkondo, mzee Kiangi, ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Nani anachoma shamba na upepo huu?"

Wakatazama. Moshi ulikuwa mnene, wa manjano, umelala kwa upepo. Shamba halitoi moshi wa namna ile. Ule ulikuwa moshi wa paa.

Mwanamke mmoja akapiga ukunga. Majembe yakaanguka. Mbio! Wanaume mbele, wanawake nyuma, watu wanaanguka, watu wanainuka, kila mmoja anasema moyoni, isiwe kwangu, isiwe kwangu. Na kwenye kona ya njia wakakutana na Kunda. Alikuwa peke yake. Ngozi ya mabegani imechunika, nywele za upande mmoja hazipo. Hakulia. Mama yake akamdaka.

"Bibi yuko wapi? Kunda! Bibi yuko wapi?"

"Yuko ndani."

Senkondo alikimbia kama mtu aliyetupwa. Alipofika, gogo lilikuwa bado mlangoni, linafuka moshi. Akalishika kwa mikono mitupu. Wanaume watatu wakamrukia, wakamvuta chini, naye akiwapiga, akiwauma. "Niacheni! Mama yangu! Niacheni!" Wakamshikilia. Na wakati wamemshikilia, paa likaingia ndani.

Mkiwa, pukuchua. Najua. Mimi pia nilipoambiwa nililia. Pukuchua.

Upepo haukutosheka. Ghala la mzee Kiangi lilikuwa limeegemea kabisa paa la Senkondo, na ndani mlikuwa na mtama wake wote. Ghala likashika. Kutoka ghalani moto ukaruka nyumba ya Kiangi, kutoka kwa Kiangi nyumba ya pili, kutoka ya pili ya tatu. Watu walikimbilia mitungi, mitungi mitupu. Wakakimbilia mfereji, mfereji mkavu, wameukausha wenyewe. Wakapiga moto kwa matawi, wakatupa udongo, na mwisho wakasimama tu. Kule walikokuwa wakijisifu kwa kushikana, moto ulipita kwa kushikana huko huko. Jioni nusu ya kijiji ilikuwa majivu, na maji yakafunguliwa, yakaja yakitiririka katikati ya majivu, meusi.

Walimzika Bibi Nangasu. Kilichozikwa kilikuwa kidogo. Sitasema zaidi.

Kisha ikaja njaa, kwa sababu moto ulikuwa umekula chakula kabla ya watu. Mbegu pia ziliungua. Mzee Kiangi, aliyekuwa na ghala kubwa kuliko wote, alionekana akichambua mtama ulioungua, punje kwa punje, anauonja, anautema. Wengine walihamia kwa ndugu zao mabondeni, wengi wao hawakurudi.

Ndipo mzee Mrutu akaita baraza.

"Nataka kujua moto ule ulikuwa wa nani."

Mbonea akasimama. "Niliuwasha mimi, lakini sikuutumia mwisho. Mwulizeni Nakiete."

Nakiete akasimama. "Nilikuwa nikimkanda mama. Zamu haikuwa yangu. Mwulizeni Mbonea."

"Wewe ndiye uliyenuna kwa chumvi!"

"Na wewe ndiye uliyeiba!"

Watu wakaanza kuguna, huku wakimtetea huyu, huku wakimtetea yule. Wengine walisema, Mbonea hakulelewa na Nangasu, ndiyo maana. Wengine walisema, Nakiete hana mtoto, ndiyo maana. Mnajua maneno ya watu. Ingeendelea hivyo mpaka jua lizame. Lakini Senkondo, ambaye tangu mazishi hakuwa amesema neno, akasimama na mikono yake imefungwa majani ya dawa.

"Nyamazeni," alisema. "Mama aliuliza. Wote watatu tulisikia. Nilijibu mimi. Nilimwambia umefukiwa, na sikuingia kutazama. Mlango niliufunga mimi. Mlango wa nyuma aliniomba, nikamwambia baada ya mavuno."



Kisha mzee Kiangi naye akajiinua kwa fimbo yake. "Na ghala lile nililiegemeza mimi kwenye paa lake. Nilitaka kivuli."

"Na mimi," akasema mzee Mrutu, polepole, "niliagiza maji yazibwe, wala sikuagiza mitungi ijazwe kwanza."

Ndipo wakamwita Kunda aseme aliyoyaona. Alisimama amemshika mama yake nguo. Alisema kwamba walikuwa wamelala, yeye na bibi, wakaamka moshi umejaa. Bibi akausukuma mlango, haukufunguka. Akasukuma tena, haukufunguka. Akamwambia alale chini, apumue karibu na ardhi. Akapapasa ukuta mpaka akafika kwenye tundu dogo la kupitia kuku. Akabomoa udongo wa pembeni kwa kucha zake.

"Akaniambia, kichwa kikipita na mwili utapita. Akanisukuma. Nilikwama, akanisukuma tena. Akaniambia kimbia mferejini, na usirudi hata nikikuita."

"Na wewe ulimsikia akikuita?" mzee Mrutu akauliza.

Mtoto akafikiri.

"Hapana. Hakuita."

Nakiete alianguka pale pale barazani. Na aliyemwinua alikuwa Mbonea.

Baraza halikumtoza mtu mbuzi. Walitozwa wote kazi. Nyumba mpya zikajengwa zikiwa zimeachana, na ng'ombe alipitishwa kati ya kila paa, watu wakisimama kutazama pembe zake. Kila nyumba ikatobolewa mlango wa pili, na mtu akipitisha gogo kwa nje huku kuna mtu ndani, anafukuzwa kijijini. Mafiga yakawekwa mbali na kuni. Dari juu ya jiko ikakatazwa. Kabla ya maji kuzibwa, kila mtungi ulijazwa. Na kuhusu moto, wakakata shauri moja: aliyetoka mwisho ndiye mwenye moto, awe ameuwasha au hakuuwasha, awe mgeni au mwenyeji.

Mtaniuliza, na wale wake wawili je? Walijengewa kila mmoja nyumba yake. Hawakugombana tena mpaka uzeeni. Wala hawakucheka tena pamoja. Walipeana chumvi bila kuombana, waliuguzana, walilimiana, lakini wakiketi jua likizama kila mmoja alitazama upande wake. Waliishi kwa adabu, ile adabu ya watu wawili waliomzika mtu mmoja. Na Senkondo, mikono yake ilipona ikiwa imekunjamana, hakuweza tena kufunga vidole. Mtu akimsalimu, "Mikono yako inaendeleaje?" alijibu, "Iache ilivyo."

Ndiyo hayo, wajukuu zangu. Nyumba haichomwi na moto peke yake. Huchomwa na kinyongo kidogo, na "nitafanya kesho," na "mwenzangu ameshafanya." Moto hauulizi nani alikosea, na wala haumchagui aliyekosea. Kwa hiyo msijibu kwa mdomo jambo ambalo jicho halijaona.

Kisa nimekitua hapa. Aliyekibeba akibebe taratibu, aliyekiangusha akiokote. Wao walikuwapo, na sisi tupo.