Chungu cha Sandarusi

Paukwa, nyote mlioketi!

Pakawa, tumetega masikio, lete.

Hapo zamani, zamani za kale, katika kijiji kilichokuwa kandoni mwa hori, pale bahari iingiapo nchi kavu, aliishi mchongaji aitwaye Dzombo. Alichonga visamaki vya mti, vile vya kutiwa ndoana na kuvutwa majini, ili samaki wakubwa wadhani ni dagaa. Mkono wake ulikuwa mkono hasa. Magamba ungeyahesabu. Jicho la mti lilikutazama.

Lakini visamaki vyake vilikuwa na ila. Vikilowa, vilivimba. Vikivimba, vilipasuka. Rangi ikabanduka, mti ukazama.

Jirani yake, Mwagandi, alichonga vibaya. Samaki wake walifanana na viazi. Ila Mwagandi alikwenda kwa Bibi Nyamvula, mkongwe aliyeijua sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti unaozuia maji, akajifunza. Kwaru, kwaru, akasugua mti kwa majani ya msasa. Akatia chokaa tumboni, masizi mgongoni. Kisha sandarusi iliyoyeyushwa katika mafuta ya moto. Akapaka, akaanika kivulini, akangoja. Akasugua, akapaka, akaanika, akangoja.

Mwaka huo dagaa walitoweka, chambo hakuna. Visamaki vya Mwagandi vikaingia majini, chubwi, vikatoka na kolekole. Chubwi, vikatoka na chewa. Kijiji kikala, kikamsifu.

Sifa zile zilimchoma Dzombo. Nyumbani mkewe, Mbeyu, akampakulia mchuzi.

"Samaki huyu katoka wapi?"

"Kwa Mwagandi. Kaleta mwenyewe, kwa ajili ya watoto."

Akalirudisha tonge sahanini. Angetukanwa, angestahimili. Kulishwa na mtu asiyejua kuchonga pezi, hilo lilimshinda.

Mchana mmoja, watu wako shambani, Dzombo aliingia uani kwa Mwagandi. Akafunua chungu cha sandarusi. Akamimina mafuta ya kondoo, akakoroga, akafunika, akaenda zake.

Mwagandi akapaka, akaanika, akangoja. Haikukauka. Akangoja tena. Inanata tu, nzi wameganda. Na visamaki vya zamani vilikuwa vimekwisha, samaki wamekata kamba na kwenda navyo. Mitumbwi ikarudi mitupu. Watoto wakalala na uji mwembamba, kisha wakalala bila uji. Wa Dzombo wakiwamo. Jirani hakuwa tena na cha kuwaletea.

Bibi Nyamvula akaja na mkongojo wake, ko, ko, ko. Akanusa kile chungu. Akakimwaga, akamwita na Dzombo.

"Mwagandi, washa moto, tuyeyushe nyingine. Dzombo, lete ulivyochonga. Utapaka wewe."

Dzombo akapaka, akaanika, akangoja. Kungoja ndiko kulikomuumiza, maana mkono ulipotulia, moyo ulisema. Naye Mwagandi alimwelekeza polepole: "Nyembamba, ndugu yangu. Ukipaka nene itafanya malengelenge." Upole ule ulimkera kuliko tusi.

Jioni alimfuata mkongwe. "Bibi, ulijua?"

"Chungu kilinuka kondoo. Nikautazama uso wako, nikajua."

"Mbona hukunitaja?"

"Watoto wana njaa. Mikono yako naihitaji, aibu yako sina kazi nayo. Hiyo kampelekee Mwagandi."

Dzombo akaenda, akamweleza Mwagandi yote, ameinamisha macho. Mwagandi aliendelea kusugua kisamaki, kwaru, kwaru, hata Dzombo akadhani atafukuzwa.

"Tangu utoto wetu nakuonea kijicho," Mwagandi alisema mwishowe. "Kila nikishika kisu naona kazi yako, naona haya. Ndiyo maana nilikwenda kwa bibi. Ungeniuliza, ningekufundisha."

 Kumbe miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa akichungulia ua wa mwenzake.

Wakakausha vile visamaki, alivyovichonga mmoja, na mwingine akamfundisha kuvipaka. Chubwi, majini. Mitumbwi ikarudi imelemewa, watoto wakalamba vidole. Je, wivu ulimtoka Dzombo siku hiyo? La. Ulimtoka kidogo kidogo, na siku nyingine ulirudi. Lakini uani kwa Mwagandi hakuingia tena ila kwa kubisha hodi. Bibi Nyamvula alipokufa, wao wawili ndio waliotangulia kuingia kaburini kuupokea mwili wake, kama wanawe.

Basi wanangu, anayemwombea jirani njaa, na atazame kwanza watoto wake wanakula wapi.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyeipenda na aibebe, ampelekee mwenziwe.