Kushuka kwa Ilambole

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aondoke sasa, maana sipendi kukatizwa. Humu hamna sungura anayesema wala jini. Kuna watu watatu, uwanja mmoja, na neno moja la kutamka.

Uwanja uko Ilambole, juu huko kwenye baridi, na umeinama. Ukiuacha mpira kwenye goli la juu, utaukuta goli la chini. Wageni hulalamika, na waache walalamike. Ilambole wakipata kipindi cha kuteremka, ndipo wanapofungia. Ugenini hawajawahi kushinda. Nasema kweli, hawajawahi.

Nyuma ya goli la chini kulikuwa na jukwaa la mbao, lenye paa la bati na ngazi moja nyembamba. Na walikuwa na desturi: timu ikifunga, mashabiki wote huteremka jukwaani hadi kwenye majani wakiimba, "Tunashuka! Tunashuka!" Wageni huwacheka. Klabu gani inaimba kushuka, wakati kila klabu inaogopa kushuka daraja?

Sasa watu wenyewe.

Wa kwanza ni Lukelo, fundi seremala. Kipaji chake ni jicho. Ukimkaribisha kwako hataangalia chakula, ataangalia kama fremu ya mlango imekaa sawa.

Wa pili ni Mama Twilumba, anayeongoza ushangiliaji. Kipaji chake ni sauti. Akiita kutoka ng'ambo ya bonde unaitika, hata kama hukuitwa wewe.

Wa tatu ni Tulizo, mshambuliaji. Kipaji chake ni mguu. Kila kinundu cha uwanja ule anakijua, na anajua mpira ukikigonga utarukia wapi. Mpeleke kwenye tambarare, ni mchezaji wa kawaida tu. Anajua mwenyewe, na hanuni ukimwambia.

Ikaja mechi ya mwisho wa msimu. Ilambole walihitaji japo sare. Wakifungwa, wanashuka daraja. Mapumziko wakaenda wakiwa nyuma kwa bao moja. Mvua ikapiga. Watu wote waliokuwa pembeni wakakimbilia jukwaani chini ya bati, wakabanana mpaka mtu hawezi kuinua mkono.

Kipindi cha pili kilipoanza, Ilambole sasa wakiteremka kuelekea goli la chini, watu walitazama mpira. Lukelo alitazama nguzo. Maji yalikuwa yanateremka uwanja mzima na kupita chini ya jukwaa, yakichimba udongo, na nguzo ya mbele, ile ya kwenye ngazi, ilikuwa inainama. Alipoinama kuikagua, jamaa wa nyuma yake akafoka: "Fundi, kaa basi! Umekuja kupima mbao au kuona mpira?"

Lukelo akabaki ameinama pale pale. Alikuwa anawaza. Nikipiga kelele kwamba linaanguka, wote watajazana kwenye ngazi, na ngazi iko juu ya nguzo hiyo hiyo mbovu. Nitawaua mwenyewe. Akapenya hadi kwa Mama Twilumba, akamnong'oneza.

"Mama, jukwaa linaondoka. Watu washuke polepole, safu kwa safu."

"Binti yangu yuko safu ya juu kabisa," Mama akasema. "Nitawashushaje kwenye mvua hii bila sababu? Waletee goli, fundi. Nileteeni goli."

Lukelo akashuka, akakimbia hadi pembeni ya uwanja. Tulizo alikuwa anasubiri mpira urushwe.

"Tulizo! Funga sasa hivi!"

"Kwani nilikuwa nafanya nini, fundi?"

"Jukwaa linaanguka. Ukifunga watashuka. Usipofunga, Mungu anajua."

Tulizo alitazama lile jukwaa lililojaa. Alikuwa mbali na goli, na mabeki walikuwa mbele yake. Mpira uliporushwa hakumtafuta mwenzake. Aliupiga chini, kwa nguvu, kuelekea kinundu cha mbele ya boksi. Mashabiki wakazomea, "Pasi gani hiyo!" Mpira ukakigonga kinundu, ukaruka juu ya kichwa cha kipa, ukaingia.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mvua ilikuwa kali, kwa hiyo badala ya kushuka watu walianza kurukaruka pale pale jukwaani. Lukelo akaona nguzo inacheza. Akafumba macho, yule ambaye jicho ndiyo mali yake.

Mama Twilumba akasimama kwenye ngazi, hapo hapo palipo pabovu.

"Nyie! Mmeumbwa kwa chumvi? Tulizo kafunga na nyie mnaogopa kulowa? Safu ya chini, tunashukaaa! Shemeji, wewe mwenye koti la mitumba, toka! Safu ya pili, bado! Nimesema bado! Haya, tunashukaaa!"

Wakashuka wakicheka, safu kwa safu, na yeye hakuondoka kwenye ngazi mpaka binti yake alipompita na safu ile ya juu. Ndipo akashuka. Nyuma yake jukwaa likalala chini, bati na mbao, bila mtu hata mmoja ndani. Kuimba kukakatika.

Mechi ilimalizika kwa sare. Ilambole hawakushuka.

Bwana Mhagama, mwenye kiwanda cha mbao, akaleta greda na mafundi wake. Akawaambia viongozi: "Nitausawazisha uwanja na kujenga jukwaa la zege. Kazi itachukua msimu mzima, mtacheza ugenini. Au niondoke. Sitaki vikao. Aliyeokoa wale watu ndiye aseme: jenga au acha."

Lukelo akasema neno ni lake, maana bila jicho hakuna ambaye angejua. Naye anasema jenga. "Maji hayana ushabiki. Mteremko ule utaangusha lolote mtakaloliweka pale."

Tulizo akasema neno ni lake, maana bila goli hakuna ambaye angeinuka. Naye anasema acha. "Msimu mzima ugenini tumeshuka, tusidanganyane. Na mteremko unaoutukana, fundi, ndio ulioingiza goli lile. Kwenye tambarare mngekuwa mnazika."

"Mteremko ndio uliotaka kutuzika!"

"Na ndio uliotushusha!"

Mama Twilumba aliwaacha wabishane mpaka wakachoka. Akasema neno ni lake, maana goli lilifungwa na watu hawakushuka mpaka alipowashusha.

"Unasemaje basi, mama?" Bwana Mhagama akauliza.

"Siku hizi nikipanda hata ngazi ya kanisani miguu inatetemeka," akasema. "Na timu ikishuka daraja, sauti hii nitaipeleka wapi? Nipeni neno, nitalisema. Lakini msinipe kwa kunihurumia."

Mpaka sasa hawajaelewana. Dereva wa greda amewasha injini, na wingu limeshuka mpaka kwenye nguzo za goli.

Haya, msinitazame mimi. Jicho, mguu au sauti: neno mngempa nani? Na kama ungekuwa wewe, na binti yako ndiye anayekaa safu ya juu, ungesema jenga au ungesema acha?