Randa ya Mkwe

Palikuwa na seremala mmoja. Msianze kutazamana, si wa mtaa huu. Huyu wangu mimi hana jina, na nimemnyima jina makusudi ili asitokee mtu hapa akasema namsema fulani.

Seremala huyu alikuwa na ugonjwa wa kupenda vyombo vya mkono vya zamani vilivyotengenezwa Marekani. Si vya umeme. Misumeno, patasi, keekee za kuzungusha kwa mkono, nyundo za mpini wa mti. Akisikia karakana ya shamba la mkonge inavunjwa, yupo. Akisikia misheni ya zamani inasafisha stoo, yupo, tena amefika kabla ya mwenye funguo. Anarudi na chuma kimejaa kutu, anakaa nacho na mswaki uliochakaa, anakisugua taratibu mpaka herufi zitokeze, asome kilitengenezwa mji gani. Akishasoma, anacheka peke yake. Watu wakamwita Mmarekani, na kusema kweli alilipenda hilo jina.

Lakini msimdharau. Hakuwa mtu wa kutundika vitu ukutani ili wageni wavisifu. Alivifanyia kazi. Na alikuwa na jambo ambalo wengi wetu tumelipoteza: alipenda kujua. Kwa nini mpini huu umelika upande wa kushoto? Aliyeushika alikuwa wa mkono wa kushoto? Kwa nini msumeno huu umekuwa mwembamba? Umenolewa miaka mingapi? Alipata hata kikundi cha wazee wa huko huko Marekani kwenye simu, wanaopenda vyombo kama yeye. Anawatumia picha, wanamjibu. Mtu wa kwetu, anaongea na wazee wa Marekani habari za patasi! Si raha hiyo?

Sasa, kati ya vyombo vyake vyote kulikuwa na randa moja ya chuma ambayo hakuinunua. Ilikuwa ya baba mkwe wake, marehemu, naye aliachiwa na Mmarekani mmoja aliyekuja kujenga zahanati. Mkewe aliirithi. Katika mali yote ya baba yake, kilichobaki mkononi mwake ni hiyo randa tu. Ilikaa rafuni miaka, imefungwa kwenye kitenge.

Binti yao akachumbiwa. Mama akasema, "Baba watoto, sanduku la mwanangu la kwenda nalo kwake nataka mbao zake zipigwe kwa randa ya babu yake. Sitaki nyingine." Ombi moja tu. Mnasikia, akina baba? Moja.

Seremala akafurahi. Akachagua mninga mzuri, akaifungua randa, akatoa kile kisu chake, akakinoa. Akajaribu. Randa inanyofoa! Badala ya kulainisha ubao, inaung'oa nyuzi na kuuachia mistari kama umekwanguliwa na kuku. Akanoa tena. Mistari. Akabadilisha kinoo. Mistari. Akabadilisha mafuta, akabadilisha ubao. Siku tatu, wapendwa! Siku ya pili akawatumia wale wazee picha ya kisu chake. Wakamjibu, "Umenoa vizuri sana, ndugu yetu. Labda chuma chenyewe kimechoka."

Siku ya nne asubuhi akasema, basi, chuma kimekufa. Akampigia mnunua vyuma chakavu. Jamaa akaja na mkokoteni wake na mizani yake, akaitundika randa ya marehemu kwenye ndoana, imening'inia pale kama samaki.

Mke akatoka jikoni, akaiona.

Hakupiga kelele. Ningekuwa mimi ndiye seremala, ningeomba apige kelele. Alisema tu, "Naomba niishike mara moja, halafu mchukue."

Akaishusha, akaketi nayo kwenye kigoda. Akalegeza skrubu kwa vidole, kama mtu anayefungua mkoba wake mwenyewe. Kile kisu cha randa, kwa wasiojua, hakikai peke yake. Kuna bamba lingine la chuma linalokibana mgongoni. Akalitoa. Akakigeuza kisu. Chini ya lile bamba, kule kusikoonekana, kutu ilikuwa imekula vishimo vishimo mpaka kwenye makali.

Akauliza, "Upande huu mbona hujaunoa?"

"Huo si wa kunolewa, ni mgongo," mume akasema. "Makali yako huku."

"Makali yako huku na huku yanapokutana, baba watoto. Baba alikuwa akianza na huu. Anausugua mpaka unang'aa kama kioo, kisha ananiita nije nijitazame meno. Nilipong'oka jino la kwanza nililiona pengo langu humu, kwenye chuma hiki hiki."

Mnunua chuma akakohoa. "Fundi, napakia au sipakii?"

"Subiri kidogo," seremala akasema, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kupungua.

Mama yule akaweka kisu kibapa juu ya kinoo, mgongo chini, akasugua. Akasugua mpaka jua likawa la utosi. Mnunua chuma alishaondoka na mkokoteni mtupu, akinung'unika. Mama alipomaliza, akajitazama humo, akatabasamu, akampa mumewe. Seremala akafunga, akasukuma mara moja. Maranda yakatoka marefu, membamba, yamejikunja, na karakana nzima ikanukia mninga. Akapapasa ubao kwa kiganja. Laini.

Hapo ndipo akauliza kwa uchungu, "Mama watoto, ulilijua hili miaka yote! Kwa nini hukuniambia?"

Ngojeni kwanza. Mnadhani nawapeleka wapi? Najua. Mmeshasema mioyoni, mchungaji atasema ile kutu ni dhambi za siri, twende tukajisugue migongo. Hata mimi jana niliandika hivyo hivyo, na si uongo. Lakini yule mama alijibu, na jibu lake likanichania karatasi yangu.

Alisema, "Mwaka tuliooana nilianza kukueleza baba alivyokuwa akinoa. Ukaniambia hiyo ni lugha ya mafundi, niangalie ugali usiungue. Nikauangalia. Baba watoto, wewe unapenda kuuliza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Umewauliza Wamarekani. Umekiuliza chuma kimetoka mji gani. Mimi unaniuliza kama chakula kimeiva."

Wapendwa, nani ana la kumjibu mama huyo? Mimi ninalo? Ninyi mnalo?

Sisi ndio seremala huyu. Tazameni kanisa letu. Tuna miaka miwili tunauliza kwa nini vijana wametukimbia. Tumeita mwalimu wa semina kutoka mbali, tumempokea kwa kwaya, tumemchinjia mbuzi. Kamati imekaa mara ngapi? Na mimi mchungaji wenu nimekuwa mwenyekiti wake. Sasa nauliza, na asiyeweza kujibu asiinue mkono: nani kati yetu amemuuliza mwanawe mwenyewe? Si kumhubiria. Kumuuliza, halafu akae kimya asikie. Tunatuma picha za upande tulioung'arisha, kisha tunaambiwa tumenoa vizuri, chuma ndicho kimechoka. Nasi tunaita mkokoteni! Mume mkokotenini. Mke mkokotenini. Mtoto, "huyu ameshindikana," mkokotenini. Na mwenye kujua dawa yuko jikoni, tulimnyamazisha zamani, tena kwa utani.

Inaniuma kuwaambia haya, maana jana hiyo hiyo nilimsomea mtu wa nyumbani, niliyemuoa miaka kumi na tisa iliyopita, mahubiri yangu. Nilipomaliza nikamwambia, "Sasa niletee chai." Sikumuuliza ameonaje. Nilikuja kugundua nikiwa kitandani, na yeye ameshalala.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha msinisubiri pale mlangoni nije kuwapa mkono. Nitapitia mlango wa nyuma. Nina swali la kumuuliza mtu, nimechelewa nalo miaka kumi na tisa.