Msusi wa Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale alikuwepo Nungunungu, msusi hodari. Aliishi mlimani na mama yake mzee. Mwaka huo mvua iligoma. Mihogo ya mlimani ikakauka, na meno ya mama hayakuiweza tena mizizi mikavu.

"Mama, nakwenda Bondeni," akasema. "Nitafungua kibanda cha ususi. Kikisimama, nakuja kukuchukua."

"Nenda, mwanangu. Mimi nipo."

Alipofika Bondeni akamsuka Simba nywele za shingoni. Chanuo lake ni miba ya mgongoni mwake mwenyewe. Krr, krr, krr! Simba akatoka na mabutu, anatembea kwa maringo. Wanyama wakamzunguka.

"Amependeza!" akasema Kiboko.

"Fungua kibanda, dada," akasema Tembo, "tutakuja wote!"

"Wote!" akasema Kobe.

Nanyi mnacheka! Kobe ana unywele gani? Lakini Nungunungu hakujiuliza. Sifa zilikuwa zimemlewesha. Akajenga kibanda, akaweka benchi refu.

Akangoja. Kiboko akapita. "Hujambo, msusi?" "Sijambo, karibu!" "Siku nyingine." Tembo akapita. "Siku nyingine." Kobe akapita, akachelewa kumaliza kupita. "Siku nyingine." Na mabutu ya Simba, wallahi, hayafumuki.

Kila jioni Nungunungu alikaa mlangoni akiutazama mlima. Alimkumbuka mama anavyoita, "Nungu, njoo ule!" hata chakula chenyewe kikiwa hakuna. Leo amekula nini? Nani anamchimbia? Alitamani kurudi, akaona haya kurudi mikono mitupu.

Mwishowe akasema, liwalo na liwe, narudi. Akafunga kibanda. Njiani akamkuta Tembo, mguu mmoja juu, analia. Wuuu! Wuuu! Mwiba umemwingia unyayoni.

Nungunungu akachomoa mwiba mmoja mgongoni mwake, akachokonoa taratibu. Chopu! Ukatoka.

"Ah! Umenitesa siku nyingi huu!"

"Mbona hukuja kwangu?"

"Kwako nije kufanya nini, dada? Mimi nina nywele?"

Nungunungu akakitazama kichwa cha Tembo. Akakitazama tena. Akageuka, akarudi Bondeni.

Safari hii hakukifungua kibanda kwanza. Alizunguka Bonde lote akiuliza.

"Wewe, miba hukuchoma?"

"Hunichoma."

"Nani hukutolea?"

"Hakuna. Navumilia tu."

"Nikikutolea, utanipa nini?"

"Muhogo."

"Leta mguu. Na muhogo."

Kiboko akaleta. Kobe akaleta. Swala wakaleta, ukoo mzima. Benchi likajaa, foleni ikazunguka kichuguu. Chopu! Chopu! Mihogo ikajaa kibandani.

"Kesho alfajiri namfuata mama," akajisemea. Akainama kwa mteja wa mwisho. Akaona mguu wa vumbi, umepasukapasuka.

"Mguu gani unauma?"

"Yote, mwanangu. Njia ya mlimani ina miba mingi."

Nungunungu hakuweza kuinua kichwa. Aliulaza ule mguu mapajani akalia.

"Mama, ningekuja kesho."

"Najua. Mimi ndiye niliyeshindwa kungoja."

Basi, unayetaka kufungua biashara, uliza kwanza ni wangapi wanaoihitaji na walio tayari kulipa. Anayekusifu si lazima awe mteja wako. Na uulize mapema, maana nyumbani kuna anayekungoja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mwiba asogee.